MREJESHO: Kutuma mizigo ya wateja mikoani

Wakuu, habari za leo. Niliuliza hapa viatu ninavyouza mtandaoni nivitume mikoani kwa basi au kwa EMS ya Posta. Asanteni mliojibu.

Nimebaki na vyote viwili. Wa Mwanza, Mbeya na Arusha nawawekea kwenye basi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi. Jina na namba ya simu ya mteja naandika kwa maka peni pande mbili za boksi, risiti naipiga picha namrushia WhatsApp kabla sijatoka dirishani. Asiyetaka habari za stendi namtumia EMS. Inachelewa kidogo, ila ina namba ya kufuatilia.

Kampuni moja ya mabasi nimeiacha. Boksi lilifika limeloa chapachapa, ofisini wananiambia eti sikuandikisha thamani. Jamani, risiti yao yenyewe haina sehemu ya thamani!

Nauli ya mzigo sasa analipa mteja, nimeiandika kwenye tangazo. Kinachonila bado ni bodaboda wa Kariakoo hadi Mbezi. Mwenye kijana mwaminifu wa bei poa aje PM.