Huawei isiyo na Play Store: F-Droid, APKMirror, Aurora au tovuti ya wenyewe?

Mtoto_wa_Ilala: Wakuu salaam. Nimenunua Huawei ya mtumba, ya zile zilizotoka baada ya Marekani kuibana kampuni hiyo 2019, kwa hiyo haina huduma za Google. AppGallery, duka la Huawei wenyewe, nimeipekua, nusu ya ninavyotaka havimo. Nahitaji WhatsApp, Signal, programu ya podikasti na ya benki. Nichukulie wapi? Kuna jamaa kanirushia APK (faili la kusakinisha programu) ya WhatsApp kwa Xender, sijaifungua.

Kibuyu77: Hiyo ya jamaa ifute kwanza, ndipo tuongee.

fundi_Moro: Usitafute duka moja la kumaliza yote, mkuu. WhatsApp na Signal zina APK rasmi kwenye tovuti zao, chukua huko. Ya Signal hata kujisasisha inajisasisha.

Podikasti ingia F-Droid, shusha AntennaPod. F-Droid ni duka lililopo tangu 2010 na linapokea programu huria tu, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kwa kawaida hawapokei faili lililokwisha fungashwa, wanaijenga programu wenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Ubaya wake ni kuchelewa, toleo jipya linaweza kufika siku kadhaa nyuma ya wengine.

Zisizo huria, nenda tovuti ya APKMirror. Hulinganisha sahihi ya kidijitali ya faili, yaani alama inayoonyesha nani kaitoa, na ya matoleo ya awali, na programu zilizochezewa hawaweki. Aurora nayo ni programu inayochota kutoka Play Store yenyewe bila wewe kuwa na akaunti.

Nyasa_dev: Naongezea kwa fundi. Programu nyingi za F-Droid zimetiwa sahihi ya F-Droid, si ya aliyeziandika. Maana yake unawaamini wao, na siku ukitaka kuhamia toleo la Play Store, Android itakataa mpaka uiondoe ya kwanza. Hifadhi data zako kabla. Na kwenye Aurora usiingie kwa akaunti yako kuu ya Google, wanaweza kuifungia.

Binti_Tanga: Jamani na GB WhatsApp je, ile WhatsApp iliyochezewa? Huku kwetu kila mtu anayo, na haijamfanya mtu kitu.

Nyasa_dev: Dada yangu, utajuaje kama haijamfanya kitu? Aliyeichezea hajulikani, na meseji zako zote zinapita ndani ya programu yake. WhatsApp wenyewe hawaitambui, huwafungia akaunti wanaoitumia. Mimi siiweki hata kwenye simu ya majaribio yenye laini yangu.

fundi_Moro: Tena tazameni ruhusa. Tangu Android 8, ya 2017, ruhusa ya kusakinisha hutolewa kwa kila programu peke yake. Mpe F-Droid, kivinjari mpe kwa muda kisha uzime. Na programu ya tochi ikiomba kusoma SMS, ikatae: namba za uthibitisho za benki zinaingia humo humo.

Kibuyu77: Benki umeisahau fundi.

fundi_Moro: Sijaisahau, nimeikwepa 😄 Programu nyingi za benki zinategemea huduma za Google, hata ukiipata APK safi inaweza kugoma kufunguka. Kuihangaikia kwa matoleo ya mitaani ndiko watu wanakolizwa. Tumia USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli.

Mtoto_wa_Ilala: Nashukuru wakuu. Signal na AntennaPod zimeingia, ya jamaa nimefuta. Aurora ndiyo inagoma kuingia bila akaunti, tatizo ni simu?

Nyasa_dev: Si simu. Ukiingia bila akaunti, Aurora hukuazima akaunti zao za pamoja, nazo huelemewa. Jaribu tena usiku.