Bustani ya katikati ya barabara: je, inaweza kuwa fidia ya miti inayokatwa kandoni?

Mkazi wa Kisauni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu hatua chache nje ya hifadhi ya barabara. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili, mmoja ameshika utepe wa kupimia na mwenzake kopo la rangi nyekundu, wakaitia alama ya msalaba mikilifi yote iliyo mbele ya nyumba zetu (wenzetu wa bara huuita mti huu mwarobaini). Nimeihesabu kutoka kona ya msikiti hadi kituo cha matatu, nayo ni 14. Chini ya mmoja kuna kinyozi aliyetundika kioo chake kwenye msumari uliokwisha kumezwa na gome, na chini ya mwingine yuko mama anayeuza mahamri na mbaazi tangu watoto wangu walipokuwa shule ya msingi.

Tumeambiwa kwamba barabara itapanuliwa kutoka njia mbili hadi nne, na kwamba katikati patawekwa bustani. Mchoro tuliooneshwa ukumbini ulikuwa wa kupendeza sana, wenye nyasi za kijani kibichi na miti iliyojipanga kwa usawa. Nilipouliza kuhusu mikilifi yetu nilijibiwa kwamba bustani hiyo ndiyo fidia yake. Mkutano wenyewe ulitangazwa kwa kipaza sauti jioni ya siku iliyotangulia, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, iliyoandikwa kwa Kiingereza, tuliruhusiwa kuipekua palepale mezani tu.

Mimi siipingi barabara. Ninachotaka kujua ni haki gani tunazo kabla leseni haijatolewa, na kama ni kweli kwamba bustani ya katikati inaweza kuchukua nafasi ya kivuli kilicho kandoni. Wenye ujuzi naomba mnieleze kwa lugha ambayo nitaweza kuwasomea majirani.

Mhandisi mstaafu wa barabara

Waalaykum salaam, mama. Nimefanya kazi ya barabara kwa miaka mingi, na jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba haiwezekani, angalau si kwa namna inayochorwa mara nyingi. Kivuli cha kandoni humfunika anayetembea, anayesubiri gari na anayefanya biashara. Kivuli cha katikati hufunika lami na paa za magari. Ripoti inayohesabu miti 14 iliyokatwa na miche 60 iliyopandwa, kisha ikasema kwamba tumepata faida ya miti 46, imehesabu vitu visivyofanana.

Ulizeni upana wa ukanda huo kwa mita, kwa sababu mchoro wa rangi hausemi. Ukanda wa mita moja na nusu kati ya kingo mbili za zege hauwezi kukuza mti mkubwa. Mizizi hukosa udongo, hunyanyua kingo na kupasua lami, na baada ya miaka michache mti huondolewa kwa hoja ya usalama. Zaidi ya hayo, katika barabara ya mwendo wa kasi shina lenye kipenyo kinachozidi sentimita 10 huhesabiwa kuwa kizuizi kigumu ambacho gari likikigonga abiria huumia vibaya, na ndiyo maana wahandisi waangalifu huweka vichaka katikati na kuipeleka miti mikubwa pembeni, nyuma ya njia ya waendao kwa miguu.

Jambo ambalo ningelitazama kwa makini kuliko yote, hata kuliko miti, ni maji ya mvua. Chukua kilomita moja ya barabara inayoongezewa lami yenye upana wa mita 14. Hizo ni mita za mraba 14,000 za ardhi iliyokuwa ikinywa maji na sasa haitanywa. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa Mei si jambo la ajabu kwetu, itamwaga juu ya eneo hilo lita 700,000, yaani mzigo wa maboza 70 ya lita 10,000 kila moja. Maji hayo yataelekea wapi? Ikiwa mtaro unaishia kwenye uchochoro wa mtaa wenu, yataingia vyumbani mwa watu, na ripoti inayosema tu kwamba mitaro ya kutosha itajengwa haijajibu kitu.

Hapa ndipo bustani ya katikati inaweza kuwa na manufaa ya kweli, ikiwa itashushwa badala ya kuinuliwa. Mara nyingi hujazwa udongo hadi juu ya kingo kama kaburi, na kila mvua inaponyesha udongo huo huteremka barabarani na kuziba mitaro. Ikijengwa kama bonde dogo, lenye mawe na bomba la matundu chini yake ili maji yasipenye kwenye msingi wa barabara, hupokea maji ya lami, huyachuja mafuta na taka, na kuyaachia polepole. Tofauti ya gharama si kubwa ikiamuliwa mapema, lakini baada ya mkandarasi kuingia kazini hakuna atakayekubali kuirekebisha.

Mkumbuke pia kwamba magari yote ya upande wenu yanayokwenda kisiwani hukutana kwenye Daraja la Nyali. Ripoti yenu ilipaswa kueleza ni nini kitatokea njia nne zitakapofika hapo.

Mwanasheria wa masuala ya mazingira

Mama, hongera kwa kuuliza mapema, kwani wengi hutujia miti ikiwa imeshalala chini. Msingi wenu ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kuyalinda, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, mradi wa aina hii hauwezi kuanza bila leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Jedwali la Pili la sheria hiyo huipanga miradi kwa kiwango cha hatari, yaani ndogo, ya wastani au kubwa, na kiwango hicho ndicho huamua uzito wa ripoti. Kwa hiyo ulizeni kwanza mradi wenu umewekwa katika daraja gani, na kama barabara nzima imetathminiwa kwa pamoja au imekatwa vipande vifupi ambavyo kila kimoja kinaonekana kuwa kidogo. Nimewahi kuona ujanja huo, na hauvumiliki.

Pale ambapo tathmini kamili inahitajika, Kanuni za 2003 zinaeleza wazi jinsi umma unavyopaswa kushirikishwa. Mabango yabandikwe mahali pa wazi karibu na mradi, tangazo litoke katika gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo na redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, mikutano ifanyike isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, na taarifa ya kila mkutano itolewe angalau wiki moja kabla. Kanuni hizohizo zinataka awepo mtu mwenye sifa wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Tangazo la kipaza sauti la jioni moja halikaribii kiwango hicho. Liandikeni jambo hilo sasa, mkitaja tarehe, saa, waliohudhuria na maswali ambayo hayakujibiwa.

Wasiwaambie kwamba hilo ni suala dogo la utaratibu. Mnamo tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, mradi wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walikuwa wameitiwa mikutano ya kuutambulisha mradi, lakini matokeo ya tathmini hawakuletewa ili wayajadili. Wavuvi na wakulima wa Lamu hawakuhitaji kuwa wataalamu wa makaa ya mawe ili wasikilizwe.

Kuhusu ripoti, ombeni nakala kwa barua mkiitaja Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, ambayo inamtaka afisa husika kujibu ndani ya siku 21. Kisha tumeni maoni yenu NEMA ndani ya muda uliotajwa katika tangazo, na ombeni kikao cha hadhara. Leseni ikitolewa bila kujali hayo, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo. Siku hizo hupita upesi, hasa kwa watu wanaosubiri kuambiwa na mtu mwingine kwamba leseni imetoka.

Muuguzi wa zamu

Naomba nami nisikike, kwa sababu nimesoma majibu yote na hakuna aliyemtaja mgonjwa. Nimekaa nyuma ya gari la wagonjwa pamoja na mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu, tukiwa tumekwama karibu na Soko la Kongowea kwa muda ambao sitausahau, huku dereva akipiga honi na hakuna aliyeweza kusogea hata kama angetaka. Barabara hiyo ni nyembamba mno kwa watu waliopo. Tafadhali msiwafundishe wananchi kuuchelewesha mradi kwa ajili ya miti ambayo itapandwa mingine.

Nawaunga mkono kwa jambo moja tu, nalo ni vivuko. Ukanda wa katikati wenye kingo ndefu na ua wa vichaka humzuia mzee na mtoto wa shule kuvuka, na asipopata kivuko karibu ataruka ua huo. Majeruhi wa namna hiyo tunawapokea sisi.

Mhandisi mstaafu wa barabara

Dada muuguzi, umesema kweli, na ni kosa langu kutoanza na vivuko. Lakini maoni mazuri yakitolewa kabla ya leseni hayauchelewishi mradi. Kinachouchelewesha ni kesi na marekebisho ya baadaye. Mnamo Novemba 2020, mugumo mkubwa wa zaidi ya miaka 100 ulioko Westlands, Nairobi, uliokuwa katika njia ya barabara ya juu, ulinusuriwa kwa amri ya serikali baada ya watu kupaza sauti, na barabara ile ya kilomita 27 ilijengwa na kufunguliwa mwaka 2022 bila kuukata. Ombeni vivuko vilivyoinuliwa, vyenye nafasi ya kusimama katikati inayomtosha mtu mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto mgongoni, na viwekwe pale ambapo watu huvuka hivi sasa, si pale panapomfaa mchoraji.

Mwenye kitalu cha miche

Mimi huuza miche, kwa hiyo mradi kama huu ni riziki yangu, na bado nitasema ninachokijua. Miche mingi inayopandwa katikati ya barabara zetu hufa, na haifi kwa sababu ya joto. Hupandwa wiki ya uzinduzi, kisha hakuna wa kuitia maji. Mche wa mti unahitaji lita 20 hivi mara mbili kwa wiki katika miezi ya kaskazi, na hali hiyo hudumu kwa miaka miwili ya mwanzo. Miche 200 ni lita 8,000 kila wiki, katika mji ambao watu wananunua maji kwa mikokoteni. Anayesema atatumia kisima aonje maji yake kwanza, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi, na nyasi za mapambo hugeuka manjano mapema.

Ningependekeza bogenvilia katikati, kwa kuwa huvumilia ukame na chumvi, na mikwaju au mibambakofi pembeni palipo na nafasi, ingawa mbambakofi hukua polepole na anayeupanda huwapandia wajukuu. Lakini chaguo la mti lina uzito mdogo kuliko fedha. Katika ripoti tafuteni sehemu inayoitwa mpango wa usimamizi wa mazingira na muangalie kama kumwagilia na kupanda upya miche iliyokufa kumetengewa kiasi cha fedha, kwa miaka mingapi, na ni nani atakayewajibika baada ya mkandarasi kuondoka. Pakiwa patupu, hamna bustani, mna picha.

Na kabla ya kukubali kwamba mikilifi 14 ni lazima ikatwe yote, ombeni kila mti upimwe na uandikwe mahali pake kamili. Mara nyingi baadhi husimama mahali ambapo njia ya miguu ingeweza kupinda kidogo na kuizunguka.

Mkazi wa Kisauni

Nawashukuru sana nyote, na wewe muuguzi nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu nilikuwa sijaifikiria barabara hii kwa macho ya mtu aliyelala ndani ya gari la wagonjwa. Nimeliweka ombi la vivuko kuwa la kwanza katika barua yetu.

Jana baada ya swala ya alasiri tulitoka na utepe wa fundi cherehani, mimi, majirani wanne na wajukuu wangu wawili, tukaipima mikilifi yote kwa urefu wa kifua na kuandika umbali wa kila mmoja kutoka ukingo wa lami. Mkubwa kuliko yote una mzingo wa mita 2 na sentimita 10. Tuligundua kwamba mitano ipo karibu kabisa na kuta zetu, mbali na mahali ambapo lami mpya inatarajiwa kufika kwa mujibu wa vigingi vilivyopigwa, na bado nayo imetiwa rangi nyekundu. Tumeomba kwa maandishi tuelezwe sababu ya kila mmoja kati ya hiyo mitano, tupewe upana wa ukanda wa katikati kwa mita, mahali maji ya mitaro yatakapotokea, na fedha za kumwagilia kwa miaka miwili. Tumeomba pia mkutano mwingine, utakaotangazwa wiki moja kabla, na muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili.

Barua inapelekwa Jumatatu, nakala moja itabaki na mzee wa mtaa, na sahihi ya kwanza ni ya mama wa mahamri.