Wakili mpya, kazi yangu kushika mikoba tu. Nichukue kesi ya mama huyu au nijifue kwanza?

wakili_mbichi:
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa mnaoshinda mahakamani.

Nilimaliza Law School ya Tanzania, nikaapishwa, sasa niko mkoani kwenye ofisi ya wakili mmoja mkongwe. Kazi yangu ni kushika mikoba. Nasimama, nasema nashika mikoba ya wakili msomi fulani ambaye yuko Mahakama Kuu, naomba tarehe nyingine, nakaa. Sijawahi kuongoza shahidi hata mmoja. Maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, nayasikia kwa wenzangu.

Msaidizi wa kisheria wa kata moja huku ameniletea mama mjane aliyeshindwa kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anataka rufaa Mahakama Kuu, hela hana. Hukumu ilisomwa siku 80 hivi zilizopita na sheria inatoa siku 45. Wiki ileile aliandika barua kuomba nakala, akaja kupewa baada ya kama miezi miwili. Nimewaza nianze na maombi ya kuongezewa muda, yakikubaliwa ndipo niweke rufaa. Bosi kasema nikitaka nichukue kwa jina langu, ofisi yake haimo.

Nichukue? Au nitafute kwanza kozi fupi ya uendeshaji wa mashauri? Msinikejeli jamani.

Mzee wa Jamvi:
Ndiyo matunda ya Law School hayo. Mmesahau 2022 walipofaulu 26 kati ya 633?

dada_sheria:
Mzee wa Jamvi, hilo liliundiwa kamati chini ya Dk. Mwakyembe na likajadiliwa mpaka likachosha. Huyu amefaulu na ameapishwa. Anauliza afanye nini Jumatatu asubuhi.

Ila mtoa mada, mimi ningekuwa wewe nisingeigusa. Maskini si chombo cha kujifunzia. Mwenye hela akiharibiwa kesi anaajiri wakili mwingine arekebishe. Huyo mama ukimkosesha rufaa, shamba limekwenda. Kaa ofisini mwaka mmoja, mbane bosi akupe mashahidi.

Msaidizi wa Kata:
Dada, kwa heshima, unaongea kama vile wakili mzoefu yuko foleni anamsubiri huyo mama. Hayupo. Sisi wasaidizi wa kisheria Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, lakini kusimama mahakamani kumwakilisha mtu haturuhusiwi. Tunaandika barua, tunaelekeza njia, tunasindikiza. Wakili kijana akikataa, mama anaenda kwa mwandishi wa barua nje ya geti la mahakama, analipia ukurasa, anaandikiwa sababu za rufaa 14 ambazo zote ni sababu moja.

dada_sheria:
Hapo umenibana kidogo. Basi achukue, lakini awe na mkubwa wa kumkagulia kila karatasi kabla haijasajiliwa. Hilo silegezi.

karani mstaafu:
Nimekaa masjala miaka mingi, mawakili wamenipita mikononi wa kila aina. Mwanangu, kabla hujaandika hayo maombi ya kuongezewa muda, hesabu tena.

Sheria ya Ukomo, kifungu cha 19(2), inaondoa kwenye hesabu muda wote uliotumika kusubiri nakala ya uamuzi unaokatiwa rufaa. Mahakama ya Rufani kwenye Alex Senkoro na wenzake dhidi ya Eliambuya Lyimo ilisema muda huo unatoka wenyewe, huhitaji kwenda kuuombea ruhusa kwanza. Sasa chukua siku 80 zako, toa zile kama 60 kuanzia barua ilipopokelewa mpaka nakala zilipotoka. Umebaki na ngapi? Huyo mama huenda yuko ndani ya muda kabisa, na wewe unataka kumpeleka akaombe msamaha wa kosa ambalo hajalifanya. Ukikaa mezani ukaandika maombi yasiyohitajika mpaka siku 45 za kweli zikapita, hapo ndipo utakapomchelewesha.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa karatasi. Barua yake ina muhuri wa Baraza wa kupokelewa? Nakala ya hukumu na ya dikrii, yaani ile amri inayotokana na hukumu, zimeandikwa zilitolewa tarehe gani? Viambatanishe kwenye rufaa, jaji azione tarehe mwenyewe. Kama barua haina muhuri, nenda Baraza leo ukaombe kukagua jalada, utaikuta mle au usiikute.

Ikibainika kweli amechelewa, ndipo kesi ya Lyamuya Construction, ile ya vigezo vya kuongezewa muda, inakuhusu. Lazima aeleze kila siku iliyopita, hata siku moja. Watu wanaandika "mwombaji alikuwa mgonjwa" bila cheti wala tarehe, wanatupwa nje. Na kama msaidizi wa kisheria ndiye aliyefuatilia nakala, naye aape kiapo chake cha maandishi. Mama hawezi kumwapia mtu mwingine.

Msaidizi wa Kata:
Kiapo cha mama kiandikwe Kiswahili, tafadhali. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini bado naona mabibi wanatia dole gumba kwenye kiapo cha Kiingereza. Upande wa pili wakiuliza nani alimsomea na kumtafsiria, kimya.

Mkulima wa Sheria:
Hilo la kozi. Niliwahi kuhudhuria, zinasaidia kwa kiasi chake, chai nzuri na cheti. Uendeshaji wa shauri nilijifunza kwa kusoma mienendo ya kesi zilizokwisha, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Omba jalada moja la zamani pale ofisini kwa bosi, usianzie kwenye hukumu, anza na mwenendo. Angalia shahidi alivyotoa hati.

Mfano, tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003 inajulikana kwamba hati haisomwi mpaka ipokelewe. Kijana anamwambia shahidi wake "hebu isomee mahakama huo mkataba", wakili wa upande wa pili anasimama, na kijana anaduwaa. Mpangilio ni huu: shahidi anaitambua hati na kusema anaijuaje, anaomba ipokelewe, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, mahakama inaipokea na kuipa namba, ndipo inasomwa. Kariri kwa sauti ukiwa peke yako. Mkeo atakuona chizi, potelea mbali.

Halafu siku yako ya kushika mikoba usikimbie ukishapewa tarehe. Kaa benchi la nyuma mpaka orodha iishe. Kuna mawakili wawili watatu kila mkoa ambao ukiwatazama wakidodosa shahidi ni darasa tosha. Wengi wao wanauliza maswali machache kuliko unavyodhani.

wakili_mbichi:
Shikamoo karani mstaafu. Nimetoka kwa msaidizi sasa hivi. Nakala ya barua anayo, ina muhuri wa Baraza. Nakala ya hukumu imegongwa siku 61 baada ya tarehe ya barua. Kwa hiyo hata nusu ya siku 45 hazijatumika. Naandika rufaa moja kwa moja, na dada_sheria nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu kunikagulia.

dada_sheria:
Nimeuona. Lete sababu zisizozidi nne. Na usajili mapema, usingoje siku ya mwisho mfumo wa kusajili mtandaoni ugome.

karani mstaafu:
Marahaba. Namba za vifungu linganisha na Toleo la Marekebisho la sheria zetu la 2023 kabla hujaandika. Jingine hujaliuliza. Kuweka rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji wa hukumu. Mshindi ameshaomba kukabidhiwa shamba?

wakili_mbichi:
Msaidizi anasema wiki iliyopita walikuja watu na mwenyekiti wa kitongoji kupima mipaka.

karani mstaafu:
Basi maombi ya kuzuia utekelezaji yaende pamoja na rufaa, na uyaombee kusikilizwa haraka kwa hati ya dharura. Kwenye kiapo mama aeleze mazao gani yamo shambani na nani anaishi hapo. Ada ikimshinda, mwombe msamaha wa ada kwa barua, ambatanisha ya mtendaji wa kijiji.