Naomba ushauri: niandike nini pembeni ya picha nilizochora?

Dirisha la Jioni
Habari zenu wakuu. Mimi nachora kwa mapenzi tu, riziki yangu inatoka kwenye kazi nyingine kabisa. Rangi nazishika usiku na siku za mapumziko. Sasa sisi wachoraji wa namna hii tumepata ukumbi wa kuonyesha kazi zetu, na kila mmoja ameambiwa aandike maneno machache pembeni ya kila picha: imetoka wapi, nini kilimsukuma kuichora. Kuchora nimemaliza, kuandika ndiko kumenikwamisha.

Ya kwanza ni mikono ya mama akitunga uzi kwenye sindano. Rangi za mafuta, ndogo tu, sentimita 30 kwa 40. Niliichora kipindi anaumwa viungo, vidole vimevimba, na bado hataki mtu amtungie. Rangi nyeusi sikuigusa. Giza lote la nyuma nimelipata kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea, kwa hiyo ukisogea karibu unaona upande mmoja giza linavuta kwenye ubluu, upande wa mikono linavuta kwenye wekundu. Naipenda sana picha hii. Lakini maradhi ya mama ni mambo ya ndani, niyabandike ukutani?

Ya pili ni chumba kitupu, mlango umefunguliwa nusu, mwanga umelala sakafuni. Chumba ni changu, ila jicho la kukitazama hivyo nimelipata kwa Vilhelm Hammershøi, yule Mdenmaki aliyechora vyumba vya nyumba yake mjini Copenhagen kwa rangi za kijivu, mara nyingi bila mtu ndani. Nikimtaja, si wataniona mwigaji?

Ya tatu haina kisa chochote. Ni bluu na rangi ya machungwa, ilianzia kwenye masalia ya rangi kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Hapo ndipo sina la kusema kabisa.

Mkaa na Karatasi
Hongera, ukumbi si jambo dogo. Ushauri wangu: usieleze. Andika jina la picha, mwaka, aina ya rangi na ulichochorea, halafu vipimo, kimo kikitangulia upana. Basi. Ukishamwambia mtu kwamba mama alikuwa mgonjwa, ataona ugonjwa tu, na lile giza ulilolihangaikia litampita.

Bi Turubai
Mkaa, hapo mimi na wewe hatuko pamoja. Wengi wanaoingia ukumbini hawajazoea kutazama picha, na sentensi moja inawafanya wasimame. Kosa ni kuwaambia picha ina maana gani. Waambie ilianzia wapi, maana watajipa wenyewe.

Dada (au kaka, unisamehe), kwenye picha ya mama kisa hakihitaji ugonjwa. Umekieleza mwenyewe bila kujua: "hataki mtu amtungie." Andika hivi: "Mama hutunga uzi mwenyewe. Nilikaa upande wa taa nikamtazama." Anayeijua familia ataelewa, asiyeijua ataona mwanamke mwenye msimamo, na vidole vilivyovimba vipo pale pale kwenye rangi. Kisha msomee mama kabla hujaibandika, kwa sababu mikono ni yake. Akikataa, rudi kwenye njia ya Mkaa, jina na vipimo.

Kivuli cha Tatu
Kuhusu Hammershøi, mtaje kwa jina bila wasiwasi. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alipokuwa akitibiwa Saint-Rémy, Ufaransa, kati ya 1889 na 1890, alichora upya kazi zaidi ya 20 za Millet, mchoraji Mfaransa aliyemtangulia, nyingi akitazama nakala zisizo na rangi. Rangi zote akaziweka yeye. Alimwandikia mdogo wake Theo akilinganisha kazi hiyo na mwanamuziki anayepiga tungo za Beethoven kwa namna yake. Picha hizo hadi leo huandikwa "kwa kufuata Millet", na hakuna anayesema si za Van Gogh.

Wewe hata hujanakili. Umechukua namna ya kutazama ukaipeleka chumbani kwako. Andika "Baada ya kutazama vyumba vya Hammershøi" na inatosha. Kumtaja ni heshima kwake, na kunampa mtazamaji njia ya kwenda kumtafuta.

Dirisha la Jioni
Asanteni sana, nimepata pumzi. Kuna ya nne sikuitaja: mashua imeegeshwa, nimeichora kutoka kwenye picha ya gazetini. Jina la mpigapicha lilikuwepo. Nimebadilisha rangi zote na watu nimewaondoa. Nayo niandike "kwa kufuata"?

Kivuli cha Tatu
Hiyo ni habari nyingine. Nchi nyingi zinalinda kazi ya msanii uhai wake wote na miaka 50 au 70 baada ya kifo. Hammershøi alifariki 1916, na isitoshe wazo la kuchora chumba kitupu halina mwenyewe. Mpigapicha wako huenda yu hai, na ulichochukua kwake si wazo: ni pembe aliyosimama, fremu aliyoikata, saa aliyoingojea. Kubadilisha rangi peke yake hakuifanyi kuwa yako. Mwandikie, mtumie picha ya mchoro wako, omba ruhusa ya kuuonyesha na umuulize jina lake liandikweje. Wengi hufurahi wakiulizwa. Kabla hajajibu, usiitundike.

Mkaa na Karatasi
Hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Na kama unaipenda mashua, nenda ukachore nyingine mbele ya macho yako. Picha ya gazeti imeshakuchagulia kila kitu. Ukiwa pale unachagua wewe.

Dirisha la Jioni
Nimemwandikia. Ya mama nimemsomea, amekubali, ila kasema niandike "taa ya mezani" kwa sababu hiyo ndiyo taa yenyewe. Sasa nisaidieni hii ya bluu: "Ilianza na rangi zilizobaki kwenye paleti baada ya kuchora chumba. Niliweka machungwa ili bluu iamke. Inawakilisha utulivu wa nafsi."

Bi Turubai
Mama ana jicho, msikilize. Kwenye ya bluu futa sentensi ya tatu. Mbili za mwanzo ni zako na ni kweli: machungwa yakikaa kando ya bluu, kila moja huzidi kung'aa, na mtu ataliona hilo hapo hapo kwa macho yake. Halafu itundike jirani na chumba kitupu, ili aone rangi zile zile zilivyohama kutoka picha moja kwenda nyingine.