Kuna dawa mpya ya skizofrenia Marekani inaitwa Cobenfy, mdogo wangu inaweza kumfaa?

Kaka_Kihonda

Wakuu habari za jioni, naomba wenye ujuzi wanisaidie. Mdogo wangu wa kiume aliambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, akiwa mwaka wa pili chuo. Tumezunguka naye kote, kwa mashehe, kwa wachungaji, kwa waganga huko Handeni, mwisho tukatulia hospitali. Sa hivi anakunywa haloperidoli na Artane (hii ni ya kupunguza matetemeko) halafu kila mwezi anachomwa sindano ya Modecate. Sauti zimepungua, hilo siwezi kukataa, haongei tena na ukuta usiku na hamsumbui mtu. Ila jamani hizi dawa zimemfanya kama mzee wa miaka themanini!! Mikono inatetemeka mpaka chai tunamwekea nusu kikombe maana kikijaa inamwagikia, anatembea anaburuza miguu, mate yanamtoka, na kinachoniuma zaidi amekuwa yupo yupo tu, halii hacheki, na huyu ndo alikuwa anatuvunja mbavu nyumba nzima. Tukimwambia dokta anasema ongezeni Artane, basi, mgonjwa mwingine apite.

Juzi nimeona klipu watsap wanasema Marekani imetoka dawa mpya haina hayo matetemeko. Tuna binamu Minnesota anasema tukimpa jina anaweza kuulizia atutumie. Ni kweli au ndo zile za mitandaoni? Bi mkubwa ameshaanza kusema tuache za hospitali tusubiri hiyo mpya.

FamasiaPwani

Pole sana ndugu yangu. Kwanza mwambie mama asiache chochote, akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi, hilo halina mjadala.

Sasa kuhusu dawa, ni kweli ipo. Iliidhinishwa Marekani Septemba 2024, na kelele zote zile zina sababu. Tangu Wafaransa waanze kutumia klopromazini 1952 (wazee wetu wanaijua kwa jina la Largactil) dawa karibu zote za ugonjwa huu zinafanya kazi ileile, kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Haloperidoli 1958 ni hivyo, Modecate ni hivyo, hata hizi za juzijuzi kina olanzapini na risperidoni msingi ni uleule. Tatizo dopamini hiyohiyo ndo inaendesha mwili utembee vizuri na ndo inakupa raha ya vitu, kwa hiyo kuizuia kila mahali ni kama kukata umeme mtaa mzima kisa nyumba moja inapiga mziki usiku. Sauti zinanyamaza sawa, lakini na kutembea kunaharibika na kicheko kinaondoka. Ndo unachokiona kwa mdogo wako.

Cobenfy haigusi dopamini moja kwa moja. Inaamsha vipokezi vingine (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vinaitwa vya muskarini, namba 1 na 4, halafu dopamini inatulia yenyewe kwa kuzungukiwa. Na cha kushangaza si ugunduzi mpya kihivyo! Kiungo chake kikuu, zanomelini, kampuni ya Eli Lilly walikuwa wanakijaribu miaka ya 90 kwa wazee wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakaona wale wazee waliokuwa wanaona na kusikia vitu visivyokuwepo wanapata nafuu, ila walikuwa wanatapika sana, dawa ikawekwa kabatini. Baadaye kampuni ndogo inaitwa Karuna ikaja na akili moja rahisi sana: wakaichanganya na trospiamu, dawa ya zamani ya watu wanaokojoa mara kwa mara, ambayo haipenyi kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo zanomelini inafanya kazi kichwani, trospiamu inaizuia isisumbue tumbo. Mawazo tu hayo, na kampuni kubwa ya dawa ya Bristol Myers Squibb wakainunua Karuna kwa dola bilioni 14.

Mzee_wa_Hoja

Bilioni 14 umeisikia mwenyewe. Hawa jamaa ni biashara tupu, kesho watakwambia ulevi nao una kidonge. Tafiti zao wanafanyia wazungu wenzao halafu dawa mnameza nyie. Kijana wa chuo mwaka wa pili, anaongoza darasani, ghafla anaongea na ukuta, hapo mnataka niamini ni dopamini? Kuna mtu kafanya kazi yake hapo. Mrudisheni kwa mtaalamu.

FamasiaPwani

Mzee shikamoo. Biashara ipo sikatai. Ila umri huo wa chuo ndo umri ugonjwa huu unaanza duniani kote, kwa wanaume hasa kuanzia mwisho wa ujana mpaka ishirini na kitu, kwa mabinti unachelewa kidogo, na inampata aliyeongoza darasa na aliyefeli. 2016 kuna watafiti wa Harvard waliikuta jini moja inaitwa C4 (jini ya kurithi mzee, usiniruke hapo) inayohusika na kupunguza viungio kati ya seli za ubongo. Kupunguza huko ni kawaida kabisa ujanani, ila inaonekana kwa wengine kunapitiliza. Haielezi kila kitu, jini zinazohusika ni mamia na kila moja inasukuma kidogo tu.

Hapo pa wazungu wenzao uko sahihi, sampuli nyingi zilikuwa za Ulaya. Ndo maana ukafanyika utafiti unaitwa NeuroGAP, maelfu ya watu Kilifi, Eldoret, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini walitoa mate yao yapimwe vinasaba. Kilifi mzee, si Boston.

Sista_Wodini

Jamani nimesoma yote nimeona niingie, mimi ni nesi wa afya ya akili miaka mingi tu.

Mzee wa Hoja hata habari ya wataalamu wa jadi haijapuuzwa, 2020 ulichapishwa utafiti wa Ghana na Nigeria, wagonjwa 307 waliokuwa kwa waganga na kwenye maombi, wahudumu wa afya wakawa wanaenda kulekule kuwapa dawa na kushirikiana na waganga, wakapata nafuu zaidi ya wale walioachiwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo dua iendelee, dawa nayo iendelee. Kinachokatazwa ni minyororo, fimbo na kufungisha mtu kwa nguvu siku nzima hali wala hanywi.

Kaka Kihonda sasa njoo kwako. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba haloperidoli na Modecate ni dawa mbili za kazi moja, zote zinazuia dopamini, na zote ndo kinara wa kutetemesha. Sisemi dokta kakosea, kuna wakati mtu anaanzishiwa sindano na vidonge vinaendelea kwa muda, ila una haki ya kuuliza kwa heshima, "dokta, hivi vidonge bado anavihitaji na sindano anapata?" Ikipungua moja mara nyingi hata hiyo Artane haina kazi tena. Na Artane si ya kuongezaongeza tu, inaleta usahaulifu, kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu. Tena angalia kichekesho hiki: Artane INAFUNGA hivyohivyo vipokezi vya muskarini ambavyo Cobenfy inaviamsha. Yaani wagonjwa wetu wengi wanapewa kinyume chake kila asubuhi.

Na hiyo ya Minnesota achaneni nayo. Bei yake kule ilipotoka 2024 ilikuwa kama dola 1,850 kwa mwezi, hiyo ni karibu milioni tano za kwetu. Inataka kupima ini kabla na mgonjwa akiwa anaitumia, mwenye ini bovu au mkojo unaoziba hapewi kabisa, inapandisha mapigo ya moyo, na kutapika bado kupo kwa baadhi. Isitoshe majaribio yaliyoipitisha yalikuwa ya wiki tano, na wale waliokuwa wameshindikana kwa dawa nyingine hawakuingizwa. 2025 wakajaribu kuiongeza juu ya dawa nyingine, haikufikia lengo. Nzuri ndiyo, ila bado changa.

nipo_imara

Mimi ni mgonjwa mwenyewe so niongee kidogo. Haloperidoli ilinifanya nisiweze kukaa chini, natembea chumbani mpaka alfajiri miguu inawaka, watu wanasema anarukwa tena kumbe ni dawa. Nilipobadilishiwa olanzapini kutetemeka kuliisha, ila nikanenepa vibaya mno na njaa ya ajabu, so chagueni mkijua. Sa hivi nafanya kazi, sauti zinakuja siku moja moja nikiwa sijalala. Kingine kaka, msimwongelee mbele yake kama hayupo. Tunasikia.

Kaka_Kihonda

Asanteni sana wote, nipo imara umenigusa hapo mwisho kwa kweli tunafanya hivyo bila kujua. Sista kliniki ni wiki ijayo, nitauliza la sindano na vidonge. Nimesikia pia klozapini ndo kiboko yao, niiombe?

Sista_Wodini

Klozapini ni ya wale waliojaribu dawa mbili tofauti, dozi kamili, wiki sita hivi kila moja, na bado sauti zipo. Mdogo wako sauti zimepungua kwa hiyo hajafika huko, yeye shida yake ni madhara ya dawa. Klozapini haitetemeshi kihivyo kweli, lakini kwa wachache inashusha chembe nyeupe za damu mpaka kuhatarisha maisha, kwa hiyo kipimo cha damu ni kila wiki miezi ya mwanzo. Muulize dokta kuhusu olanzapini au risperidoni kwanza, na mpimwe sukari na uzito kabla.

Halafu anavuta sigara? Hujasema.

Kaka_Kihonda

Anavuta sana, tena kaongeza tangu aumwe. Kwani inahusu?

Sista_Wodini

Inahusu mno. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome olanzapini na klozapini haraka, anayevuta anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi ya asiyevuta. Na akiziacha ghafla, tuseme kalazwa wodini hawaruhusu, dawa inapanda kwenye damu kwa dozi ileile, mnashangaa analala siku nzima. Kwa hiyo dokta aambiwe anavuta ngapi kwa siku na siku akiacha aambiwe pia. Bangi na mirungi msifiche, hatuiti polisi.