Corolla 110 inamisi (silinda inaruka moto) ikishapata joto: plagi, disitributa ya mtumba au nishushe injini?

Mkuyuni96
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1996, injini 5A, ya disitributa (kile kinachogawa umeme kwenda kila plagi). Asubuhi inawaka na kutulia kama maji ya mtungi. Natoka Mkuyuni hapa Mwanza kwenda Sengerema, mpaka Usagara haina neno. Shida ni nikisimama. Nikifika Kigongo nikashusha mtu kabla ya kupanda daraja, inaanza: tuk, tuk, kimya, tuk. Usukani unatetemeka mkononi, na harufu ya petroli mbichi inatoka nyuma. Nikikanyaga mafuta, inatulia. Enzi za kivuko nilikuwa nazima injini nikisubiri zamu, kwa hiyo hata sijui ilianza lini hasa.

Plagi zote 4 nimebadili, na filta ya hewa. Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza anataka 120,000 ya disitributa ya mtumba. Wa pili, 60,000 asafishe nozeli zinazopuliza petroli. Wa tatu alifungua boneti akasikiliza nusu dakika, akasema injini imechoka, niweke nyingine ya mtumba: milioni moja na laki tatu pamoja na ufundi. Nifuate ipi? Hela ya kubahatisha sina.

Sato wa Kirumba
Waya za plagi hizo, usihangaike. Sisi wa kandokando ya ziwa unyevu unatumaliza. Usiku sehemu yenye giza, washa injini, fungua boneti, nyunyizia maji kidogo kwenye waya kwa chupa ya kupulizia. Mimi niliona cheche za bluu zinatambaa kutoka waya wa silinda ya 2 kwenda kwenye kava la tapeti, mke wangu akadhani gari linaungua. Nilibadili waya, ikaisha. Ila mikono weka mbali, umeme ule unapiga.

Gereji Mabatini
Sato, jaribio lako ni zuri lakini rudi usome alichoandika. Waya zinazovuja umeme humisi asubuhi kukiwa na umande, au ukitoka kuosha gari. Yake asubuhi ni nzima. Ugonjwa wake unakuja na joto.

Mkuyuni96, kabla ya kununua chochote: ni silinda moja au zote? Injini ikiwa imepata moto na inatetemeka, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda inayofuata. Ukichomoa injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa pasibadilike kitu, umempata mgonjwa. Namba 1 ni upande wa mkanda wa taimingi.

Ngosha_Magu
Mafuta ya kuchakachua hayo. Badili kituo.

Gereji Mabatini
Ngosha, mafuta mabaya yanaingia silinda zote nne. Subiri tujue kwanza.

Mkuyuni96
Nimefanya. Namba 1, 2 na 4 injini inataka kuzima. Namba 3, kama sijagusa kitu.

Gereji Mabatini
Basi disitributa ya 120,000 iweke pembeni. Koili, inayotengeneza umeme wa plagi zote, ikichoka kwa joto inazinyima cheche silinda zote, haichagui moja. Kinachoweza kumnyima namba 3 peke yake ni njia yake kwenye kofia ya disitributa, waya wake, plagi yake au nozeli yake. La sivyo, ni ndani.

Sasa hamisha. Plagi ya 3 ipeleke 2, ya 2 ilete 3. Endesha mpaka ipate moto, pima tena. Ukimaliza, badilisha waya hivyo hivyo kama urefu unaruhusu, ila tundu la 3 la kofia liendelee kwenda plagi ya 3, na la 2 kwenda plagi ya 2. Ugonjwa ukihamia namba 2, umeshajua cha kununua. Kofia ifungue uiangalie ndani: ufa mwembamba mweusi kama unywele, au kutu ya kijani. Ukichomoa waya angalia pia kama kuna oili kwenye kisima cha plagi.

Mwl. Buhongwa
Kaka Mkuyuni, mimi nilimsikiliza fundi wa aina ya huyo wako wa tatu. Nikaweka injini ya mtumba. Ile nayo haikuja na historia yake. Miezi miwili ikaanza kuvuja oili, na mkanda wa taimingi nikabadili kwa hela yangu. Cha kuniuma zaidi, ile ya zamani niliiuza kama chuma chakavu, aliyeinunua akaitengeneza na gari lake linapita hapa shuleni kila siku. Ombeni vipimo, jamani, msikubali kusikilizwa tu.

Mkuyuni96
Pole sana mwalimu.

Ripoti: plagi na waya nimehamisha, ugonjwa haukuhama, bado ni 3. Kofia safi, kisima kikavu. Nozeli tumehamisha pia jana, kazi ilichukua saa nzima na oringi mpya. Bado ni 3. Yule wa 60,000 naye tumemaliza.

Tumepima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda, kwa psi) leo asubuhi: 160, 158, 150, 160. Fundi anasema kitabu kinataka kama 190, kwa hiyo injini ni ya kutupa.

Gereji Mabatini
Kitabu kimeandikwa kwa watu wa pwani! Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 12. Geji haiwezi kusoma sawa na ya Dar. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda, usiiogope namba yenyewe.

Kosa lingine: mmepima ikiwa ya baridi, wakati ugonjwa unakuja na joto. Rudieni ikiwa imeshapata joto lake la kawaida, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, betri ina nguvu. Kama 3 ipo chini, mwagia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi.

Mkuyuni96
Ya moto: 166, 165, 105, 163. Na oili: 3 imefika 110.

Gereji Mabatini
Valvu. Maji ya rejeta hayapungui? Haitoi moshi mweupe? Kama hapana, usifungue hedi bado. Fungua kava la tapeti tu, pima uwazi wa valvu kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa imepoa kabisa. Za kuingiza hewa 0.15 mpaka 0.25 mm, za kutoa moshi 0.25 mpaka 0.35. Valvu ya kutoa moshi ikikosa uwazi, ikiwa baridi inafunga, ikipata joto inarefuka na kubaki wazi kidogo. Ndiyo hadithi yako yote tangu siku ya kwanza. Na fanya mapema, maana valvu isiyofunga haipoi, mwisho inaungua mdomo na hapo hedi haina budi kushuka.

Mkuyuni96
Namba 3, valvu moja ya kutoa moshi: 0.10. Nyingine zote zimo ndani ya kipimo.

Tumetoa kishimu chake (kisahani cha chuma kinachopanga uwazi wa valvu), unene wake ni 2.80. Kwa hesabu ya fundi kinatakiwa 2.60 ili uwazi urudi 0.30. Kompresheni ya moto sasa 158. Leo nimesimama Kigongo dakika kumi makusudi, sijazima. Usukani umetulia. Gharama yote, na gasketi ya kava, 45,000.

Sato wa Kirumba
Hongera. Mimi nibaki na maji yangu ya kunyunyizia 😂 Kishimu cha 2.60 umekipata wapi? Madukani hapa mjini wananiuliza ni kitu gani.

Mkuyuni96
Hata mimi dukani waliniuliza hivyo hivyo. Tumekitoa kwenye hedi mbovu ya 5A iliyokuwa imelala gereji. Fundi alimwaga vishimu vyote 16 kwenye sahani, akavipima kimoja kimoja kwa maikromita. Cha 2.60 kilikuwa kimoja tu.