Eti "Mama, imeze hiyo maiki"! Mama wa watu! Ukumbi mzima!

Wakuu, siandiki jina, hakuna haja. Ni yule yule fundi wa sauti wa sendofu za Sinza na Mwenge, mwenye hedifoni shingoni kama tasbihi, ambazo masikioni hazijawahi kufika tangu zitoke kwenye boksi. Mnamjua.

Jana mama mzazi kasimama kumpa mwanawe baraka. Sauti haitoki. Fundi yule kashika maiki ya MC, na watu wote wale wakisikia, akasema: "Mama, imeze hiyo maiki."

IMEZE. Mwanamke ana kitenge cha sare, ana machozi, anaambiwa ameze chuma!

Na kosa lilikuwa lake yeye fundi. Kabla ya mama alipanda mwimbaji anayepiga kelele za kuamsha Kigamboni. Ili sauti isipasuke, gaini (kipimo cha kukuza sauti inayoingia) ya transmita, yaani kirusha mawimbi kilicho ndani ya maiki, ikashushwa mpaka desibeli -30. Sawa kabisa, kwa mwimbaji yule. Kisha maiki ile ile ikapewa mama anayeongea taratibu, na hakuna aliyerudi kuipandisha. Kwenye risiva, kile kipokea mawimbi, taa za RF (mawimbi) zimejaa, za AF (sauti) kinapepesa kijani kimoja tu. Maana yake mawimbi yanafika vizuri ila sauti imeingia ndogo tangu mwanzo. Mtoto wa darasa la pili angesoma.

Yeye kafanya nini? Kabadilisha betri mara tatu, kana kwamba maiki ina njaa! Betri ikichoka kwenye hizi mashine sauti haipungui polepole, inakatika. Kisha kazungusha gaini ya mikisa (meza ya kuchanganya sauti) mpaka mwisho, feda (kile kitelezi cha sauti) juu kabisa, spika zikatoa shhhh kama mvua kwenye bati. Ukikosa sauti mwanzoni huipati mwishoni, unakuza uchafu tu. Halafu ndipo akamwambia mama ameze maiki.

Fungua maiki, rudisha gaini -12, mwambie mtu aongee kwa nguvu zake zote, AF ipande karibu na nyekundu bila kuigusa. Kisha bonyeza PFL (kitufe cha kupima sauti kabla ya feda) kwenye mikisa, pandisha gaini mpaka mita icheze kwenye 0, feda nayo 0. Dakika moja. Mama asingemeza kitu.

Povu ruksa.

*kebo_ndefu:* Mkuu punguza povu, utaziba mfereji wa Msimbazi. Na huyo mama maiki aliishika wapi? Wengi wanaishika kifuani. Kutoka sentimita 5 hadi 20 umeshapoteza desibeli 12, kila umbali ukizidi mara mbili zinaondoka 6. Fundi hakosei kusema isogezwe mdomoni.

*mleta uzi:* "Isogeze" na "imeze" ni neno moja kwako? Unamfuata pale alipo, unamwambia kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba isogee kidevuni." Hutangazi kwa spika! Tena desibeli 12 za mkono wa mama, 18 za kwenye transmita. Nani ana deni kubwa?

*dj_wa_tabata:* Mleta uzi umeandika risala ndefu kuliko ya bibi harusi. Umeangalia nyuma ya risiva? Nyingi zina swichi ya MIC (sauti ndogo ya kiwango cha maiki) na LINE (sauti kubwa ya laini), tofauti yake desibeli 20 hadi 30. Ikikaa MIC na waya umeingia tundu la laini, sauti inakuwa ya mbu. Ikikaa LINE na XLR (waya wa pini tatu) imeingia tundu la maiki, inapasuka hata gaini ikiwa chini kabisa, na hapo ubonyeze PAD, kitufe cha kushusha sauti inayoingia. Naweka dau ni swichi.

*mleta uzi:* Ingekuwa swichi, mwimbaji naye angekuwa mbu. Alikuwa simba. Na hiyo haibadilishi kwamba mama ALIAMBIWA AMEZE MAIKI.

*mama_kwaya:* Huyo huyo alikuja kwetu kanisani! Maiki mbili kaziweka mzunguko mmoja wa mawimbi. Mchungaji akifungua yake, ya kwaya inakoroma. Kila maiki na risiva yake, kila jozi na mzunguko wake, washa zote pamoja kabla ya ibada ndipo utaona zinazogombana. Hakuwasha.

*bass_mzito:* Mimi wa kwangu ni MC wa kukaba maiki shingoni. Unafunika wavu na kiganja, matundu ya pembeni yameziba, maiki inaanza kusikia kutoka pande zote pamoja na spika, inapiga mluzi, halafu anamgeukia fundi, "Fundi, vipi?" Vipi nini? Toa mkono! Wengine wanashika mkiani kwenye antena, RF inaanguka.

*kebo_ndefu:* Na wanaoipuliza fuu fuu kuijaribu. Sema moja mbili kama mtu.

*dj_wa_tabata:* Hao nafuu. Wapiga video ndio adui. Anachomeka waya kwenye mikisa bila kuuliza, anachukua sauti ya laini anaitia kwenye tundu la maiki la kamera, inapasuka, kesho anaitumia familia akisema sauti ya ukumbi ilikuwa mbovu.

*lenzi_moja:* Nyie mnatupa "main", sauti kuu ya ukumbi, kwa uchoyo. Tupeni AUX yetu, njia ya pembeni ya kutoa sauti, tuishushe wenyewe.

*dj_wa_tabata:* AUX utapewa ukiomba kabla watu hawajaketi. Weka kamera LINE. Kama haina, tafuta kipunguza sauti cha desibeli 20 au 40, kinakaa kwenye waya. Gaini ya kamera iwe ya mkono, otomatiki inapandisha kelele kila mtu akinyamaza.

*mleta uzi:* Jamani, mama…

*lenzi_moja:* Hicho cha 40 Kariakoo kinapatikana mtaa gani? Nina harusi Jumamosi Mbezi.

*bass_mzito:* Pita nyuma ya sokoni, maduka ya spika, uliza na waya wa XLR kwenda jeki ndogo. Usichukue wa plastiki nyembamba.

*lenzi_moja:* Poa. Kuna mwenye wa kuazima mpaka Jumapili?